Maji Niliyoyaacha Yachuruzike

Mwanangu mpendwa Neema,

Nakusalimu katika jina la Bwana anayetulinda. U hali gani huko Louisville? Goti lako limepona, au wale wazee unaowahudumia bado wanakuinamisha kutwa nzima? Sisi hapa Black Rock tuko salama, baridi tu ndiyo inatutafuna.

Unakumbuka baridi yetu ya kwanza katika nyumba hii? Uliniambia, "Mama, acha robine ya jikoni ichuruzike kidogo. Maji yakisimama yataganda, bomba litapasuka." Nikaitikia ndiyo. Bon, ulipogeuka tu, nikaifunga koki ile. Mimi niliyepanga mstari na bidoni la maji kule kwenye kambi ya wakimbizi tangu alfajiri, nitazame maji ya Mungu yakipotea? Niliona ni dhambi.

Asubuhi robine haikutoa hata tone. Hukunigombeza. Ulifungua kabati la chini ya sinki, ukapiga magoti na mashine yako ya kukaushia nywele, ukalipasha bomba joto polepole. Mimi nikaanza kuomba kwa sauti, macho nimefumba. Ukasema, "Mama, omba, lakini shika na tochi." Nilicheka huku nalia. Maji yalipokohoa na kutoka, bomba likiwa zima, nilijua kweli nimezaa.

Juma lililopita baridi ileile ilirudi, na wewe hupo. Niliogopa, Neema, baada ya kuhamahama kote kule, nyumba ni hii moja. Nilivingirisha blanketi kuukuu kwenye bomba la chini, nikafungua kabati joto liingie, nikaacha robine itoe maji membamba kama uzi. Mkono uliniwasha kutaka kuifunga! Nikaukalia. Asubuhi maji yalikuwepo.

Sijamaliza chai, jirani yetu Mama Riziki akabisha hodi, ndoo mkononi.

"Dada, kwangu hakuna maji."

"Ulifunga robine?"

"Sasa niache maji yapotee bure?"

Nilicheka mpaka akanuna. Nikamjazia ndoo, nikachukua ile mashine uliyoniachia, nikamfuata kwake. Alipoanza kuomba, nikampa tochi. Maji yalipotoka akauliza, "Eh, haya nani alikufundisha?"

"Mtoto wangu," nikajibu, kwa sauti ya mtu anayetoa ushuhuda kanisani.

Nasikia baridi inashuka kwenu pia. Nijibu upesi, uniambie habari za goti, na kama wewe mwenyewe umeacha robine ichuruzike.

Ni mimi mama yako, mwanafunzi wako.