Bomu la Machozi Lililonirudia

Jumanne, 1975

Macho bado yananiwasha, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe. Miaka sita ya upolisi, halafu leo nimejipiga bomu la machozi!

Wanajeshi walituamuru tuwatawanye wanawake waliopanga foleni ya sukari mtaani Namuwongo. Nikarusha bila kuangalia upepo. Moshi wote ukanirudia, nikapiga magoti nikilia.

Mama mmoja wa foleni akanimwagia maji usoni. "Usisugue, mwanangu." Wenzake walicheka mpaka wakakohoa, kisha wote wakatimua mbio.

Sajenti wa wanajeshi wale akaja juu. "Nani amemcheka askari wa serikali? Nani huyo aliyekumwagia maji?"

"Sikumwona, afande. Macho yalijaa moshi."

Nilimwona mama yule vizuri, hata kovu lake la kidevuni. Sajenti akigundua nimemdanganya, nimekwisha. Lakini mjinga mimi, kinachoniuma zaidi ni kile kicheko.