Dawa Imenipunguza Mwili, Mama Mkwe Anataka Niiache

Shangazi Ruguru, nakuandikia nikiwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi na wakati huo huo nimekwama, kwa hivyo usishangae nikirukaruka. Mimi naitwa Kinya, mzaliwa wa Muthara, nauza ndizi hapa Gakoromone, na mwezi wa Disemba naolewa na Gitari, fundi wa stima kutoka Embu, kijana mpole ambaye nampenda hata akiwa amenyamaza.

Tangu utotoni nimekuwa mwembamba wa kuchekwa, shuleni waliniita waya, na Gitari aliponipeleka kwao mara ya kwanza, mama yake, Mama Cicily, alinishika mkono akaniuliza kama kwetu hakuna chakula. Basi mwaka huu nikaanza kunenepa, Shangazi! Mashavu yakajaa, miguu ikajaa, sketi zikakataa kufunga, wateja sokoni wakaniambia ndoa imenikubali hata kabla sijaingia, na niliporudi Embu Mama Cicily alipiga vigelegele mlangoni akaita majirani, "Kujeni muone mwari wangu, sasa huyu ni mtu!" Kusema ukweli nilikuwa nachoka nikipanda kilima, macho yalikuwa yanafura asubuhi, na nikibonyeza mguu kidole kinaacha shimo, lakini ni nani hulalamika wakati watu wanamsifu?

Halafu kanisani kwetu kukaja watu wa kupima bure, nami nikapanga foleni kwa sababu tu rafiki yangu Karimi alitaka kupimwa presha. Nesi akaniuliza kazi yangu, akachovya kijikaratasi kwenye mkojo wangu, akakiangalia, akaniangalia, akasema, "Dada, wewe kesho ndizi zitauzwa na mtu mwingine. Unaenda hospitali." Nilikasirika, nikamwambia mimi ni mzima, kwani haoni mwili?

Hospitalini Daktari Mwaniki alinipima damu akaniambia protini imeshuka sana, hasa ile inayoitwa albumini, ambayo ndiyo hushikilia maji ndani ya mishipa, na kwamba figo zangu zilikuwa zinaivujisha kwa mkojo, ndio maana maji yametoka kwenye mishipa yakaenda kukaa miguuni na usoni. "Na huku kunenepa?" nikamuuliza. "Hujanenepa, Kinya. Umejaa maji." Nikalia pale pale, na nakwambia sikulilia ugonjwa, nililia mashavu yangu.

Lakini sikia sasa! Walinilaza, wakachunguza figo, wakanianzishia vidonge, wakaniambia nipunguze chumvi, na mwili ukakubali, ikawa nikienda kliniki mizani inashuka na protini kwenye damu inapanda, nikienda tena hii inashuka ile inapanda, mpaka juzi daktari akagonga meza akasema, "Hii ndiyo nilikuwa naitafuta!" Nimerudi kilo zangu za zamani, viatu vinaingia, kilima cha kwetu nakipanda nikiimba, nilitoka hapo nikakumbatia hata askari wa geti!

Shida iko Embu. Nilifika huko Jumapili nikitaka washangilie pamoja nami, lakini Mama Cicily aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akamvuta Gitari nyuma ya nyumba, nami nikasikia kila neno. "Huyu amekauka. Watu watasema ametuletea ugonjwa ule. Hizo dawa ndizo zinamkausha, aziache mpaka harusi ipite." Jioni Gitari akaniambia, "Mama anaumia, Kinya. Si uziache kidogo tu, mwili urudi, tupige picha, kisha uendelee?" Nikamwambia gari la Meru litaniacha, nikashika mkoba wangu. Shangazi, sitaki kuingia kwenye boma la watu kwa ubishi, na pia sitaki kurudi nilikotoka, nikiacha wiki chache tu nitadhurika kweli? Na nimweleze vipi mama mkwe kwamba huu wembamba ndio uzima wangu? Vidonge vya leo ninavyo mkononi nikikuandikia.

Kinya, Gakoromone, Meru

SHANGAZI RUGURU ANAJIBU

Kinya, weka kalamu chini umeze hivyo vidonge. Umemeza? Haya, sasa tuongee.

Kwanza hongera! Hongera sana! Nimesoma barua yako nikawaita wenzangu wa chumba cha habari waje wasikie. Figo zilizokuwa zinavuja zimeanza kuziba, na wewe unaniuliza kama uzitoboe tena kwa ajili ya picha? Picha ya harusi itatundikwa ukutani. Wewe ndiye wa kuamka na kufanya kazi.

Mizani hupima vitu vyote kwa pamoja, nyama, mafuta, mifupa na maji, na haisemi ni kipi kimeongezeka. Kuna watu wanene ambao protini kwenye damu yao iko chini, na kuna wembamba kama wewe ambao yao iko sawa. Mwili ule uliosifiwa ulikuwa mgonjwa. Huu unaosemwa ndio mzima. Sijui umepewa vidonge gani, lakini vingi vya ugonjwa huu haviachwi ghafla, daktari huvipunguza pole pole. Na protini ikishuka tena hutafura miguu tu. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa, na magonjwa mengine yakaingia kwa urahisi. Hiyo "kidogo tu" ya Gitari inaweza kukulaza tena hospitalini.

Na wewe nakulaumu kidogo. Ulisikia maneno nyuma ya nyumba ukanyamaza, ukaulizwa jioni ukakimbilia gari. Mume hataelewa kitu ambacho hajaelezwa. Mpigie Gitari leo, umwambie aje kliniki na mama yake, wakae mbele ya Daktari Mwaniki, wasikie kwa masikio yao. Usiende kubishana na Mama Cicily jikoni kwake. Huyo mama hana ubaya. Amekua akijua kwamba mtu aliyejaa ni mtu anayetunzwa, na anaogopa utaingia kwake ukakonda mikononi mwake. Muonyeshe, usimshinde.

Kuhusu huo "ugonjwa ule", mnaoana, basi mkapimwe wote wawili kabla ya harusi kama wachumba wengine, kisha majibu ni yenu, si ya majirani. Hata mwenye virusi vya UKIMWI hastahili kuangaliwa kwa jicho hilo.

Usijishindilie nyama na mayai ukidhani unajaza pengo, kula kama kliniki walivyokuambia, na chumvi iendelee kukaa mbali. Ukiona macho yamefura tena, usisubiri tarehe yako, nenda siku hiyo hiyo. Na kabla hamjapanga mtoto, muulize daktari, kwa sababu dawa nyingine hubadilishwa kwanza. Usione haya kuuliza hilo mbele ya Gitari, linamhusu.

Jibu hili nilimtumia Kinya kwa simu kabla ya kulichapisha, maana dawa haingoji gazeti. Juzi amenipigia akicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Walienda kliniki wote watatu. Gitari aliomba msamaha kabla daktari hajamaliza kueleza. Mama Cicily alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainama akavua viatu, akabonyeza mguu wake mwenyewe kwa kidole gumba, shimo likabaki, akauliza, "Na huu wangu, daktari?" Nesi akampa kikopo cha mkojo. Mama akakipokea, akamkabidhi Kinya mkoba wake na kusema, "Ningoje hapo mlangoni, mwari wangu. Tutaenda nyumbani pamoja."