Baba, Sikuliuza Lile Lori

Baba yangu mpendwa,

Ulisema niuze. Ulikuwa umelala katika wodi ya orofa ya tano, kwenye ile hospitali ya Upper Hill, dirisha likitazama majengo ya mabenki, na ulikuwa umenishika kidole kimoja tu kwa sababu mkono mzima ulikuwa umekushinda. "Wambui, uza yote," ukasema. "Lori, magari, vyuma, yote. Usijitese kwa ajili yangu." Nami nikaitika, "Sawa, Baba."

Nilikudanganya. Nakuandikia waziwazi, barua ambayo kila mtu anaweza kuisoma, ili wote walionisikia nikiitika siku ile wajue kwamba sikukutii. Na wajue pia kwamba sijutii.

Wewe huhitaji kukumbushwa, lakini wengine hawajui ulichokuwa ukifuga nyuma ya nyumba yetu Kabiria. Wenzako walifuga ng'ombe. Wewe ulikuwa na lori la kijeshi la Waingereza, pua fupi, rangi ya kijani iliyochujuka, na kando yake gari dogo la deraya ambalo majirani waliliita kifaru ingawa lilikuwa na magurudumu manne kama gari lingine lolote. Uliyanunua kwenye mnada wa jeshi miaka michache baada ya Uhuru, ukayavuta hadi nyumbani kwa trekta ya kukodi. Hayakuwa na injini. Hukuwahi kuyatia injini. Uliyaosha tu, ukayapaka grisi, ukayafunika kwa turubai msimu wa mvua.

Shuleni Riruta walinicheka. "Baba yako anafuga magari ya mabeberu." Nikaja kukuuliza siku moja ya Jumamosi, nikiwa na miaka kumi na minne, nimekushikia ndoo ya maji. Ulipanda nyuma ya lile lori, ukaenda mpaka kona ya kushoto, ukakaa chini, magoti kifuani na mikono juu ya kichwa. Sikuwahi kukuona umekaa hivyo.

"Hapa," ukasema. "Askari wa mkoloni walitutoa nyumba kwa nyumba asubuhi, wakatupakia kama magunia ya viazi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Niliporudi kutoka kizuizini nilikuwa na ishirini na saba."

"Ni lori hili hili?"

"Sijui, mama." Uliniita mama kila uliponionea huruma, kwa kuwa nimepewa jina la mama yako. "Yalikuwa mengi na yote yalifanana. Lakini nikasema lazima moja liwe langu. Mimi ndiye nitakayeamua lilale wapi."

Tangu siku ile sikumjibu tena mtu yeyote shuleni. Niliwaacha wacheke.

Kisha, mwaka wako wa mwisho, ukaja na tipa, lori la kumwaga mawe. Ilikuwa imebeba mawe ya machimbo kwa miaka mingi mpaka sanduku lake likatoboka, kioo kimoja kimepasuka, kiti cha dereva kimebaki sponji. Kaka yangu Njoroge aliizunguka mara mbili akasema, "Baba amenunua chuma cha kubebea chuma." Wewe ulicheka. Ulichora kwa penseli juu ya kipande cha katoni: sanduku la tipa litoke, jukwaa liingie, winchi ya kuvutia magari kwa waya ikae nyuma ya kichwa chake. Ulitaka kuyabeba magari yako hadi Jamhuri, pale uwanja wa maonyesho, ambapo wapenzi wa magari ya kale hukusanyika kila mwaka. Kutoka kwetu ni mwendo mfupi, lakini gari lisilo na injini halijui karibu wala mbali.

"Kila mwaka wanaonyesha magari ya mabwana," ukaniambia. "Safari hii waone la wafungwa."

Wakati ule watu walikuwa wameanza kusema hadharani mambo waliyoyanyamazia maisha yao yote. Nawe ulitaka kusema lako, kwa njia yako. Ukafungua bolti za sanduku, ukaling'oa, na wiki iliyofuata ukashindwa kuamka.

Tulikuzika Jumatano. Jumamosi Njoroge alikuja na wanunuzi wa vyuma chakavu, watu watatu na mizani yao. Niliwakuta langoni. Nilikuwa nimefunga kufuli na ufunguo nimeutia mfukoni mwa sketi.

"Wambui, fungua. Baba mwenyewe alisema tuuze. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Na ukasema sawa."

"Nilisema sawa kwa mgonjwa. Wewe si mgonjwa. Kwako nasema hapana."

Baba, usimwone Njoroge kuwa mbaya. Yeye ndiye mtoto wako wa kwanza, na ndiye aliyepigwa mawe akitoka shule kwa sababu ya lile lori, wakati mimi nilichekwa tu. Alilichukia kwa haki yake. Lakini mimi nilikuwa nimekuona umekaa kwenye ile kona, na yeye hakuwa amekuona. Wale wanunuzi walichoka kusimama juani, wakaenda zao na mizani yao.

Siku za kazi niliendelea kuandika barua za watu wengine katika ofisi yangu ya Upper Hill. Jumamosi nilivaa ovaroli lako, mikono nimeikunja mara tatu. Nilimtafuta fundi wa kuchomelea kule Kawangware, nikampata Wafula, mtu wa Bungoma, mpole wa maneno lakini mbishi wa kazi. Siku ya kwanza tulikaribia kuachana. Alitaka kulichomelea jukwaa moja kwa moja kwenye chesi, ile fremu ya chini inayobeba lori zima.

"Madam, hii nikichomea mara moja inashika mpaka Yesu arudi."

"Chesi haichomelewi. Moto unakifanya chuma kiwe kama biskuti. Tutafunga na bolti."

"Nani alikuambia?"

"Mwenye lori."

"Si alikufa?"

"Ndiyo sababu siwezi kumuuliza mara ya pili. Toboa."

Alitoboa. Lakini sikukufuata katika kila kitu, Baba, na hilo pia nataka ulijue. Mchoro wako ulikuwa na kosa. Ulichora jukwaa lililonyooka tambarare mwanzo hadi mwisho, na lori la kijeshi lingelazimika kupanda kama mbuzi anayepanda ukuta. Mimi na Wafula tuliukata mkia wa jukwaa tukauinamisha kuelekea chini, kisha tukatengeneza ngazi mbili za chuma za kuegemeza nyuma ili magurudumu yapandie. Tukatandika bati zito lenye vinundu ili tairi zisiteleze. Tukafunga winchi pale ulipotaka, na pete kumi na mbili za kupitisha minyororo. Kazi ilituchukua miezi mitano ya Jumamosi. Majirani walipita wakitikisa vichwa. Mama mmoja wa kanisa letu aliniambia baba yangu hawezi kupumzika kwa kelele zile. Nikamwambia hukuwahi kulala vizuri penye kimya.

Nilipokwenda mjini kubadilisha karatasi za tipa, karani wa ile ofisi alinitazama juu ya miwani.

"Unabadilisha tipa iwe nini?"

"Iwe ya kubeba magari."

"Magari ya nani?"

"Ya baba yangu."

"Basi mwambie aje mwenyewe."

"Amekufa."

"Pole. Mume wako, basi, aje."

"Sina."

"Sasa nani ataendesha?"

Nikamwekea leseni yangu juu ya meza, ile ya malori makubwa, ambayo ulinilazimisha kuichukua nikiwa na miaka ishirini na mitano huku jamaa wote wakisema unanifukuzia wachumba. Aliigeuza upande huu na upande ule. Kisha akagonga muhuri.

Asubuhi ya kupakia, Njoroge alikuja. Alisema amekuja kutuzuia tusijiue. Alisimama mbali, mikono mfukoni. Tulianza na deraya, likapanda vizuri, tukalifunga mbele karibu na winchi, kisha tukaurudisha waya kwa lori. Lori likaanza kupanda polepole, waya umekaza mpaka unaimba. Magurudumu ya mbele yakafika juu ya mkia wa jukwaa, na hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nilikuwa nimesahau kuweka vigogo vya kuutegemeza mkia. Uzito wote ukaangukia nyuma, na kichwa cha tipa kikanyanyuka, tairi za mbele zikaacha ardhi.

"Achilia! Achilia!" Wafula akapiga kelele.

Kama ningeachilia, lori lingerudi nyuma likiwa na tani zake zote, na Wafula alikuwa amesimama upande wa nyuma. Sikuachilia. Nilishikilia breki ya winchi kwa mikono miwili. Njoroge aliona. Kaka yangu aliyelichukia lile lori maisha yake yote alikimbia, akabeba kigogo cha mkaratusi ambacho siku nyingine asingeweza kukiinua, akakisukuma chini ya mkia, kisha cha pili. Kichwa cha tipa kikashuka taratibu, tairi zikagusa ardhi.

Tulikaa chini sote watatu. Njoroge alikuwa amechanika kiganja. Nikakifunga kwa kitambaa changu chekundu cha kichwa.

"Usidhani nimekubali," akasema.

"Sijadhani."

"Nakuja na nyinyi. Mtu lazima atembee mbele asimamishe magari pale barabara ya Ngong."

Na alitembea, Baba. Alitembea kutoka makutano mpaka lango la Jamhuri, na kile kitambaa chekundu mkononi, akiwasimamisha watu kama polisi.

Pale uwanjani tulilishusha lori, deraya likabaki juu ya tipa. Kulikuwa na magari yanayong'aa kama vijiko vipya, na watu wamevaa kofia nzuri. Mmoja wa waandalizi alilipenda lori letu. Alilipiga kofi begani kama farasi. Kisha akaleta kadi iliyochapishwa, akaibandika kwenye mlango. Nikaisoma. Ilisema lori la aina hii lilisaidia kurejesha amani nchini.

Niliibandua. Nikachukua ubao kutoka kwa tipa, nikaandika kwa rangi nyeupe tuliyobakiza: *Lori kama hili lilimbeba baba yangu kizuizini. Baadaye akalinunua hili.* Nikauegemeza kwenye bampa.

Yule mwandalizi alirudi. "Madam, watu wamekuja na watoto hapa. Hii ni siku ya kufurahi, si ya siasa."

"Si siasa. Ni baba yangu."

"Basi toa hiyo ubao ama utoe lori."

"Kulishusha tu kumetuchukua saa nzima," nikamwambia. "Ukitaka liondoke, lipandishe. Winchi ile pale."

Aliondoka kwa hasira kuita wenzake. Nilikaa juu ya ngazi nikingoja. Sikuwa jasiri, Baba, usidanganyike. Lakini sikuinuka.

Hapo ndipo alipokuja bibi mmoja mzee, na mkongojo, na sweta la kijivu. Alisoma ubao kwa muda mrefu, midomo ikisogea. Kisha akaniuliza kama anaweza kuona ndani.

"Nilifuata lori kama hili kwa miguu," akasema. "Mume wangu alikuwa ndani. Nikakimbia mpaka likanipotea kwenye vumbi. Hakurudi. Sijawahi kujua ndani kulikuwaje."

Njoroge ndiye aliyempandisha. Alimshika kiuno kama mtu anavyomshika mama yake, akampitisha hatua kwa hatua. Yule bibi alisimama katikati, akagusa vyuma vya pembeni, kimoja kimoja, akavisikiliza kwa vidole. "Ni padogo," akasema. Alikaa mle ndani, na watu wakaanza kusogea, na baadhi yao walikuwa wazee, na hakuna aliyecheka.

Mwandalizi alirudi na walinzi wawili. Alimwona bibi. Aliutazama umati, akaitazama saa yake. "Saa kumi muwe mmeondoka," akaniambia.

Tuliondoka saa kumi na mbili.

Sasa nakuambia mambo yalivyo leo. Njoroge bado anasema tuuze, lakini anasema hivyo akiwa chini ya lori, anakaza bolti. Wafula amekuja kukaa Kabiria na familia yake, karibu nasi. Ile tipa yako imekuwa na kazi, watu wenye magari ya kale yaliyokufa mashambani wananiita niyachukue, na ofisini nimeandika barua moja ya mwisho, ya kwangu mwenyewe, ya kuacha kazi. Wako wanaosema nimerukwa na akili. Wako wanaosema laana ya kukosa kumtii mzazi itanifuata. Kama ipo, itanikuta barabarani, nikiwa nyuma ya usukani.

Lakini sikukuandikia kwa ajili hiyo. Yule bibi amenitumia ujumbe. Kijijini kwao, upande wa Limuru, kuna wenzake ambao miguu haiwezi tena kufika Nairobi, na wanataka kuliona lori. Wazee wa kanisa la pale wamenikataza nisiliegeshe katika uwanja wao. Wamesema litaamsha mambo yaliyolala. Nimewajibu kwamba sitaingia uwanjani. Nitaliegesha barabarani, mbele ya lango lao, Jumapili, ibada ikiisha, nishushe ngazi, nifungue nyuma, na atakayetaka kupanda nitampa mkono.

Kama umenikasirikia huko uliko, basi kasirika, Baba. Nitayasikia yote siku tutakapoonana. Kwa sasa lazima nikapime upepo wa tairi.

Lala salama.

Bintiyo asiyesikia,
Wambui