Nusu ya Maji ya Nyafwono

Mjukuu wangu Athieno,

Nakusalimu kutoka Paya. Sisi wazima. Mama yako amepanda mihogo, na wilaya imetuletea bomba hadi uani. Uliniuliza kwa nini bado nasuuza vyombo kwa maji kidogo, kisha namwagilia sukumawiki.

Nilipokuwa msichana, kiangazi kimoja chemchemi yetu ilikaribia kukauka. Tulipanga foleni tangu alfajiri. Siku moja nilijaza mtungi, nikajikwaa njiani, ukavunjika. Nikakaa chini nikalia, maana mama alikuwa ametoka kujifungua.

Rafiki yangu Nyafwono alikuwa nyuma yangu. "Nyamaza, twende kwenu kwanza," akasema. Akammiminia mama nusu ya maji yake, akarudi kwao na nusu, akijua atagombezwa.

Baadaye aliolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na sijamwona tena. Nikimwaga maji ovyo, naona kama namwaga yale aliyotugawia.

Ukipita Busia, pale mpakani, nenda sokoni uwaulize akina mama wa rika langu kama wanamjua Nyafwono. Ukimpata, mwambie maji yamefika kwetu, aje.

Bibi yako anayekukumbuka,
Akongo