Dola Hewa na Mkono wa Harlan

Jumanne, 5 Februari

Leo Harlan amefunga vifungo vya shati mwenyewe. Vyote. Nilikuwa jikoni nakaanga soseji, akaja akasimama mlangoni kama mtoto anayesubiri kusifiwa. Nikamsifu. Kisha nikageukia kikaango asinione macho.

Tangu Krismasi alipoanza vidonge vipya vya ugonjwa wa kutetemeka, mkono wa kulia umetulia. Nilikuwa nikimshikia kikombe. Sasa kikombe kashika mwenyewe, kalamu kashika mwenyewe, na gazeti la mbio limejaa mistari yake myekundu. Fainali ya mashindano ya kubashiri mbio za farasi, kule Las Vegas, ni mwezi ujao.

Verna kapiga simu. Dada yangu hachoki kuuliza: mashindano na kamari tofauti yake nini, si farasi ni wale wale? Nikamweleza tena. Kwenye mashindano unalipa kiingilio mara moja, basi. Kila mchezaji anapewa dola hewa sawasawa na mwenzake, anaziweka kwa farasi anaowaamini, na mwenye jumla kubwa mwishoni anachukua zawadi. Ukikosea umepoteza pointi. Nyumba inabaki.

"Nyumba gani?" akasema Verna.

Ana ulimi huyu. Lakini kweli — nyumba yetu ya mtaa wa Preston ilikwenda dirishani, dirisha la kuwekea dau pale uwanjani, chumba baada ya chumba. Nilimrudia Harlan kwa kiapo kimoja: dirisha kamwe, mashindano tu. Miaka saba sasa. Naye amenifundisha kusoma gazeti la mbio. Jioni tunakaa mezani tunabishana juu ya farasi wa Florida ambao hatutawaona maishani. Sikujua ndoa inaweza kuwa hivi.

Jumapili, 10 Februari

Mvua ya barafu. Harlan hakwenda kanisani, kasema anakwenda kwa rafiki yake Lonnie. Mchana Lonnie mwenyewe akapiga simu — anamuulizia Harlan.

Nikamwambia hayupo. Kimya. Lonnie si mtu wa kimya. Wameshinda karakana moja ya malori nusu ya maisha yao, na hata chini ya lori alikuwa akiongea.

"Shemeji, kuna neno," akasema mwishowe. "Alhamisi nilimwona kule uwanjani, kwenye ukumbi wa televisheni za mbio. Yuko foleni dirishani. Nikamwita. Akanipita kama mimi nguzo."

"Labda hakukusikia."

"Labda," akasema Lonnie.

Harlan karudi jioni. Kaleta maua. Sijauliza. Nimeyatia majini.

Alhamisi, 14 Februari

Nimeuliza.

Hakukana. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi — nilikuwa nimejiandaa kwa uongo.

Kasema ni tangu mwaka mpya. Nikamuuliza kwa nini. Mashindano yanakupa kila kitu, nikamwambia. Farasi wale wale, akili ile ile, na watu wanakuheshimu.

"Najua," akasema. "Mashindano ni mazuri, Nori. Yanaonyesha nani ana macho na nani anabahatisha. Lakini dola hewa haina uzito. Farasi wangu akishindwa nasema ah, halafu naagiza kahawa. Ya kweli ikipotea, hapa..." Akajigusa kifua. "Na nilikuwa nimeshasahau. Haki ya Mungu nilikuwa nimesahau. Halafu asubuhi moja nikaamka nina njaa nayo. Sijui imetoka wapi."

Nilimwamini. Sikutaka, lakini nilimwamini. Alikuwa analia kwa namna ya mtu aliyeshtuka, si ya mtu aliyekamatwa.

Kadi ya benki ameniachia mezani. Sijatazama kilichobaki. Nyama niliyomchomea kwa ajili ya leo, sikukuu ya wapendanao, imekaa kwenye sahani mpaka mafuta yakaganda.

Jumatano, 20 Februari

Kwa daktari. Dokta Pelletier, yule mwanamke mpole mwenye viatu vya mpira. Akamwambia Harlan akunje vidole, akunjue, agonge kidole gumba. Daktari alifurahi sana. Dawa imefanya kazi, akasema.

Nikajikuta nasema jambo ambalo sikupanga kulisema. Nikasema ameanza tena kamari.

Daktari akauacha ule mkono. Akavuta kiti chake karibu. "Umesema tena?"

Akatueleza taratibu. Vidonge hivi hutuliza mwili, lakini kwa baadhi ya watu huamsha tamaa. Wengine hununua vitu ovyo, wengine hula bila kushiba, wengine kamari. Si udhaifu wa roho, akasema. Ilimpasa yeye kutuuliza kabla. Akatuomba radhi, na alimaanisha.

Nilidhani Harlan atapumua. Badala yake akasema, "Kwa hiyo nikiwa na mkono sina akili. Nikiwa na akili sina mkono."

"Zipo dawa nyingine," akasema daktari. "Tutajaribu. Ila hii kwanza tuipunguze kidogo kidogo. Ukiiacha ghafla utaumwa vibaya."

Tukapanda gari kurudi. Tuliposimama kwenye taa nyekundu akacheka kidogo, bila furaha.

"Ile nyumba ya Preston, Nori. Wakati ule sikuwa nameza kidonge chochote."

Nikamwambia najua. Taa ikabadilika, wa nyuma akapiga honi.

Jumatatu, 25 Februari

Nusu kidonge asubuhi, nusu jioni. Vifungo nimefunga mimi.

Nilimuuliza kama tuiache safari. Akasema kule ndiko mahali pekee duniani anapoweza kucheza huku mimi nimeketi kando yake. Nimepakia mabegi.

Jumamosi, 2 Machi

Las Vegas. Ukumbi kama ghala, skrini za mbio ukuta hadi ukuta, mamia ya wachezaji na magazeti yao. Harlan anajulikana hapa. Mama mmoja wa New Jersey, Rosalba, mwenye miwani miwili — mmoja machoni, mmoja kichwani — alipomwona tu: "Mzee wa Kentucky, bado hujafa? Basi mwaka huu tena tutakula makombo."

"Makombo yenyewe nimekuachia kiduchu," akasema Harlan. Na akacheka kile kicheko cha mezani kwetu. Nilikuwa sijakisikia muda.

Leo amechagua kama mtu aliyeoteshwa. Kule California kulikuwa na farasi jike mmoja wa rangi ya kijivu hakuna aliyemtaka. Harlan akaniwekea kidole kinachotetemeka juu ya gazeti. "Wote wanatazama alivyoshindwa mara ya mwisho. Wewe tazama alivyozibiwa njia." Nikaona. Kweli nikaona. Yule jike akapita kwa nje kwenye kona na kushinda, watu wakapiga meza, na Harlan ameingia kumi bora. Hakuna dola yetu iliyopanda wala kushuka, nami nilikuwa nimesimama juu ya kiti, mwanamke mzima.

Madirisha ya dau yako upande wa pili wa ukumbi. Harlan huketi akiyapa mgongo. Mimi huketi nikiyatazama.

Jumapili, 3 Machi

Naandika kwenye mkahawa wa humu ukumbini. Mapumziko.

Sheria inasema mchezaji abonyeze mwenyewe namba ya farasi kwenye skrini, mtu asimsaidie. Nilikwenda kwa msimamizi nikamweleza habari ya mkono. Mstaarabu, alisikitika, lakini akasema sheria ni ya wote. Mbio ya pili Harlan alimtaka sita. Kidole kikatua kwenye tisa. Sita akashinda. Tisa alifika wa mwisho. Rosalba aliona kilichotokea, akavua miwani yote miwili. Meza nzima hakuna aliyefanya mzaha.

Mbio ya kwanza ilikuwa imempandisha juu, kwa hiyo bado yuko wa tatu. Mbio tatu zimebaki.

Alikuja hapa akaketi, mkono ameukalia. "Nipe nusu moja zaidi, Nori."

Nikamwambia daktari amesema nini.

"Nusu tu, mkono utulie. Nataka nishinde kwa macho yangu. Mara moja. Mahali ambapo hakuna anayepoteza nyumba."

"Na njaa ikiamka?"

"Ikiamka tutakuwa kwenye ndege."

Nikamwambia aniache nifikiri kidogo. Akasema sawa, anakwenda kunawa uso.

Nimeitoa nusu kidonge kwenye mkoba, nimeiweka juu ya kitambaa cha karatasi. Ndogo mno. Nusu hiyo moja ndiyo kikombe chake na vifungo vyake. Ndiyo dirisha pia. Na niandike hili, maana hakuna atakayelisoma: nataka ashinde. Sijaweka dau hata la senti, na moyo unanienda kama wangu ndio unaokimbia kule California.

Wametangaza wachezaji warudi. Choo kiko kushoto kwangu. Naangalia mlango ule.

Ametokea kulia, upande wa madirisha. Anatembea polepole, anatabasamu, uso mkavu kabisa. Mkono wa kulia ameutia kwenye mfuko wa koti na sijui anaficha mtetemo au tiketi.

Ameshaniona. Amekiona na kitambaa chenye nusu kidonge. Anavuta kiti —