Swali Ulilofundishwa Kuuliza

Lado, mdogo wangu uliyebaki katika udongo wa Juba,

Huku Kampala, siku nzima hutazama picha za ubongo wa watu nisiowajua, waliosikia sauti zisizokuwepo kama ulivyozisikia wewe. Tunatafuta chanzo cha skizofrenia na cha sonona katika kemikali za ubongo na katika urithi wa damu. Nilichagua kazi hii kwa ajili yako. Sina hakika kama ilikustahili.

Unakumbuka ulivyoanza kusikia risasi zisizokuwepo, mwaka ule wa uhuru, tuliporudi mtaani kwetu Lemon Gaba kutoka uhamishoni na mji mzima ukicheza? Daktari alikufundisha jambo moja: ukisikia risasi, muulize mtu unayemwamini, akisema hakuna, endelea na shughuli zako. Ukawa unamuuliza Mama, naye, macho yakiwa kwenye sufuria, alikuwa akikujibu kwa Kiarabu chetu: "Mafi haja, jena tai." Hakuna kitu, mwanangu. Nawe ulicheka.

"Basi ni redio yangu tu. Haimalizi betri."

Kwa dawa na swali hilo ulipata usingizi, ukapata hata kibarua cha kupaka rangi maduka ya mtaa wa Malakia.

Kisha ikaja asubuhi ya kwanza ya vita vipya. Mimi nilikuwa huku tayari. Mama ndiye aliyenisimulia. Uliuliza. Alijibu kama kawaida, kabla hajatega sikio. Ukachukua jerikeni, ukaenda kuchota maji. Milio ya risasi ilipomfikia, ulikuwa umeshapita kona, na mwito wake haukukupata. Majirani walikurudisha mchana, wamekulaza juu ya bati.

Sasa Mama anaishi nami. Hali chakula, hasemi ila kwa nadra, kitandani hatoki. Ningeweza kuandika kwamba ni sonona. Huenda ni majonzi tu, yanayoijua vizuri sababu yake. Juzi aliniuliza masomo yangu yanasema nini kilikuua. Nilikuwa na jibu tayari, nikalitoa kwa upole: ni ugonjwa, Mama, si neno lako.

Alinigeuzia uso.

"Siku ile alikuwa mzima," akasema. "Alisikia sawasawa. Aliuliza vizuri."

Nimelipima jibu lake kwa kila ninachokijua, na sijapata pa kulikosoa. Kesho nitarudi kwenye picha zangu, kwa kuwa wako wengine wanaosikia. Lakini wewe, Lado, sitakuhesabu tena miongoni mwa wagonjwa.

Lala, mdogo wangu.

Dada yako