Kijiti Chekundu Kwenye Ua wa Muzee

Mama Murekatete wa redio, mushauri wetu mupendwa, shika hii barua mbio, sababu Jumamosi iko karibu na mi niko na furaha ya mutoto mwenye ameiba sukari na bado iko kwa mudomo.

Mi ni Bizumuremyi wa Nyamyumba, miaka sabini na moja, shule niliishia darasa ya tatu, mwalimu alinichoka kabla mi nimuchoke. Bon, huku wanapanga kijiji yetu upya, wapi nyumba, wapi njia, wapi shamba, na mara hii hata jua imepewa kiwanja yake kwa ramani, kitu sijaona tangu nizaliwe, wataweka mitambo ya jua ya kijiji muzima, taa kwa kila nyumba na chumba ya baridi ya kutunza sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, za bamama wenye kuuza kule Goma, na mi kusikia hiyo nilicheza mpaka goti ikalia.

Sasa injinia Iribagiza, binti wa akili nyingi na viatu safi, alisema kilima inatufunika na kivuli asubuhi, donc lazima tujue jua inafika wapi kwanza. Aliacha vijiti tatu kwa Gentil, mukubwa wa mudugudu, yaani kijiji yetu: chekundu ipandwe penye jua inafika saa mbili, ya njano saa tatu, nyeupe saa nne, na mitambo pamoja na chumba ya baridi itakaa penye chekundu. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wenye nguvu walienda kutengeneza barabara, na wazee tunapewa kazi nyepesi, basi Gentil akanipa mi vijiti na saa yake. Mama, ni kama kumupa mbuzi kazi ya kulinda mahindi.

Ukweli ni hii: jua ya saa mbili inafika chini karibu na ziwa, kwa mujane Kankindi. Kwangu, huku juu kwa kivuli ya kilima, inakuja saa nne, kama mulevi. Lakini tangu muke wangu Vénantie afariki, kwangu anapita mbuzi tu, na mi niliwaza mitambo ikikaa hapa watu watakuja kuchaji simu, bamama watakuja na ndoo zao, kelele itajaa, basi chekundu nilipanda kwa ua yangu na nyeupe nikapeleka kwa Kankindi. Injinia alikuja saa sita, akaandika, akasema, "Asante, muzee, umetusaidia sana." Nilinunua hata viti kumi ya plastiki ya wageni.

Halafu Kankindi akapanda mpaka kwangu na kikapu ya sambaza. Akasema, "Muzee, miaka makumi tatu nilifikiri jua inaanza kwangu, kumbe macho yangu ni ya uongo. Si kitu. Sambaza zangu zisioze tena pale barrière ya mupaka, hata kama iko kwako nitapanda." Kikapu alinipa mi, kunishukuru kwa kazi ya vijiti. Nilikula zote, na zilikuwa tamu, na sasa kila saa nne jua ikifika kwa ua yangu ni kama inaniuliza kitu.

Jumamosi wanatia sahihi ramani. Nikisema, watanicheka mpaka kaburini. Nikinyamaza, je, masaa mbili ya jua ni kitu kubwa kweli?

Bizumuremyi

JIBU

Shikamoo, mzee Bizumuremyi, na pole kwa Vénantie. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Nilicheka mpaka nilipofika kwenye kikapu. Hapo nikaacha. Unauliza kama saa mbili za jua ni kitu. Wavuvi wanarudi na sambaza asubuhi, na wakati huo huo kwako bado ni kivuli. Utawapa bamama kabati la kuozeshea samaki. Na ramani ikishatiwa sahihi, njia zitafuata mitambo, nyumba zitafuata njia, na uongo wako utakuzidi umri.

Wewe hukutaka umeme, mzee. Ulitaka watu. Watu huombwa, hawategwi kwa kijiti.

Usingoje Jumamosi. Leo mpigie Gentil, yeye amwite injinia. Kesho saa mbili asubuhi msimame wote kwa Kankindi, na jua likigusa ardhi, kichomeke chekundu kwa mkono wako. Usisingizie saa ya Gentil, usisingizie macho. Sema, "Mimi nilidanganya." Watakucheka, ndiyo. Si ulilalamika kwamba kwako hakuna kelele?

Kisha omba kazi. Vumbi la volkano jirani halilali, litatua juu ya mitambo kila siku, na lazima awepo wa kulipangusa kila asubuhi. Hiyo ni kazi nyepesi, umri wako unaiweza, na hapo kwa Kankindi utasikia habari zote za Goma kabla redio haijazipata.

Viti vyako kumi vishushe huko, bamama wakae wakisubiri ndoo zao. Kimoja kalia mwenyewe. Na kile kikapu, mzee wangu, wewe umezaliwa Nyamyumba, unajua vizuri: hakirudi kitupu.